UZI: Bendi unayoipenda iko nchi nyingine na huko uliko haijulikani? Njoo tuongee kazi ya shabiki

Mtoto wa Ngamiani (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 Remmy Ongala na Orchestra Super Matimila walikuwa na jina kubwa Dar es Salaam, lakini Ulaya walikuwa hawajulikani. Rafiki yake mmoja Mwingereza, wakati anarudi kwao, akabeba kanda ya bendi. Kanda ile ikawafikia waandaaji wa WOMAD, tamasha la muziki wa dunia la Uingereza, na mwaka 1988 Remmy akaalikwa kwenye ziara ya tamasha hilo. Mwaka uliofuata akaenda tena, safari hii akarekodi albamu kwa Real World, lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel. Hapo tunamzungumzia mtu aliyezaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar mwaka 1978 kupiga na bendi ya Orchestra Makassy, akaishi Sinza mpaka kituo cha daladala kikaitwa Sinza kwa Remmy. Aliimba Kiswahili, na watu wasiojua neno moja la Kiswahili wakamsikiliza.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kila nikikaa na Waswahili wenzangu huku Ujerumani mazungumzo ni yale yale: bendi zetu nzuri, huku hazijulikani, mameneja wamelala, serikali imelala. Inawezekana. Ila shabiki naye ana sehemu yake, na ni kubwa kuliko kubonyeza alama ya moyo na kuandika "hatari sana" chini ya video.

Kisa cha pili kinauma. Miaka ya 1970 santuri za Kiafrika, za Kongo, Nigeria, Afrika Kusini na kwingineko, zilifika miji ya pwani ya Kolombia, Cartagena na Barranquilla, zikibebwa na mabaharia na wafanyabiashara. Wenye disko za mitaani wa kule, zile zenye maspika makubwa yaliyopakwa rangi za kuwaka wanazoziita picó, walizipenda mno. Ikawa ushindani, maana mwenye santuri ambayo mwenzake hana ndiye anayejaza watu. Basi wakawa wanabandua ile karatasi ya katikati yenye jina la bendi na la wimbo, mpinzani asije akaijua akaitafuta. Wimbo ukapewa jina jipya pale pale mtaani. Watu waliucheza miaka na miaka, na muziki mpya kabisa, champeta, ukazaliwa humo. Mapenzi yalikuwa ya kweli. Lakini mwanamuziki aliyeko Kinshasa hakuwa na namna ya kujua kwamba kuna mtaa mzima unamcheza ng'ambo ya bahari, na mpenzi wake wa Cartagena hakuwa na namna ya kujua amtafute nani.

Nikiviweka visa hivi viwili pamoja ndipo ninapoiona kazi yetu. Wimbo mzuri utasafiri, siku hizi ndiyo kabisa. Shabiki ahakikishe jina linasafiri nao, na njia ya pesa kurudi kwa wenye bendi iwe wazi. Mengine yote ninayoandika hapa yanatoka humo.

Tuanze na jina. Bendi moja, mtu huyu anaandika Sikinde, yule anaandika Mlimani Park, mwingine DDC Mlimani Park Orchestra. Matimila wenyewe utawakuta kama Orchestra na kama Orchestre. Sisi tunaelewa. Mtu wa Leipzig aliyesikia wimbo kwenye sherehe, akautafuta kwa simu, akakuta majina matatu, hakuna picha, mwaka umekosewa, anaachana nao. Kuna hazina za taarifa ambazo yeyote anaruhusiwa kusahihisha: Discogs kwa santuri na kanda, na MusicBrainz ambako programu nyingi za muziki huchota majina. Kama nyumbani kwenu kuna santuri za mzee, zipige picha pande zote mbili, andika namba iliyochapwa, mtunzi, waimbaji na wapiga ala kama walivyotajwa kwenye jalada. Kazi hii haina kelele na hakuna atakayekupigia makofi, lakini inabaki. Wikipedia nayo ni muhimu, ila kule wanataka vyanzo: gazeti, kitabu, mahojiano. Ukijaza sifa tupu wataifuta.

Halafu maneno ya wimbo. Hapa ndipo Mswahili aliye nje ana mali ambayo hakuna promota anayo, kwa sababu anazijua lugha zote mbili. Zamani YouTube iliruhusu watazamaji kuchangia manukuu, yale maandishi ya tafsiri yanayopita chini ya video. Septemba 2020 wakaufunga mlango huo. Kwa hiyo sasa unaandaa faili lako mwenyewe na kumpelekea mwenye chaneli. Faili lenyewe ni maandishi ya kawaida yenye mwisho wa .srt: namba ya mstari, chini yake saa ya kuanza na saa ya kuisha, chini yake maneno, unaruka mstari mmoja, unaendelea. Unaweza kuliandika hata kwa simu. Mwenye chaneli akipenda anaweza kukupa ruhusa ya kuhariri manukuu peke yake bila kugusa kitu kingine. Na ukitafsiri, nakuomba usiue mafumbo. Mashairi ya dansi letu yanamsema mtu bila kumtaja, sasa ukimtajia Mjerumani kila kitu moja kwa moja umemnyima utamu. Lakini mstari ukihitaji maelezo, kwa mfano kwamba "shemeji" hapo anaombwa msaada kwa sababu ndiye mpatanishi, yaandike kwenye maelezo ya chini ya video.

Redio bado ina nguvu kuliko vijana wanavyodhani. Mwaka 2017, redio za Marekani zikiwa bado zinasitasita kupiga BTS wa Korea Kusini, mashabiki walijipanga jimbo kwa jimbo chini ya jina BTSx50States. Walitafuta redio zipi za jimbo lao zinapiga muziki wa namna ile na zinapokea maombi kwa njia gani, kisha wakaomba kwa mpangilio. Mwaka 2020 bendi ikawa ya kwanza kwenye chati kuu ya Billboard. Sisemi redio pekee ndiyo iliyofanya hivyo, kampuni yao ilikuwa na fedha na akili nyingi. Ninachochukua mimi ni ule mgawanyo: kila mtu alishughulika na redio ya kwao, ambako anasikika kama msikilizaji wa kweli.

Kwa bendi zetu usianze na redio kubwa. Anza na redio za jamii na za vyuo, zenye vipindi vya muziki wa dunia usiku wa wiki au Jumapili. Mtangazaji wa pale mara nyingi anajitolea, anachagua nyimbo mwenyewe, na anafurahi akiandikiwa. Barua yangu huwa fupi, mfano:

"Habari. Jumapili ulipiga rumba ya Kongo na nikasikiliza mpaka mwisho. Kuna bendi ya Dar es Salaam inayopiga dansi kwa magitaa matatu na matarumbeta, wimbo wao wa dakika nne huu hapa. Unamhusu mpangaji anayembembeleza mwenye nyumba asimpandishie kodi. Nimekuandikia namna ya kutamka jina la bendi. Ukitaka kuwahoji, anwani yao ni hii."

Kiungo kimoja tu, si kumi. Sababu ya kumwandikia yeye na si mwingine. Maana ya wimbo kwa sentensi moja. Matamshi ya jina, kwa sababu mtangazaji anayeogopa kukosea jina atauacha wimbo. Na anwani ya bendi, si yako.

La mwisho kwa leo: chagueni mji mmoja. Mashabiki mia waliotawanyika nchi nzima hawamsaidii promota, maana ana ukumbi mmoja wa kujaza. Wapenzi themanini wa bendi moja walio Leipzig na vijiji vya jirani, wanaofahamiana, wenye kundi moja la WhatsApp, hao ni usiku mmoja wa muziki.

Karibuni. Aliyefanya zaidi aongeze, asiyekubali aseme.

Kapteni Mtwapa

Mleta uzi umegusa penyewe. Swali moja: mimi nina kanda nyingi za marehemu baba, za bendi ambazo hazipo tena. Nikizipandisha YouTube si ndiyo nazitangaza?

Mtoto wa Ngamiani

Kapteni, pole kwa mzee. Swali lako ni gumu na wapenzi wa muziki wa zamani wanagawanyika hapo. Msimamo wangu ni huu: bendi kutokuwepo hakumaanishi wenye haki hawapo. Kuna watunzi walio hai, kuna wajane na watoto. Ukipandisha wimbo kwenye chaneli yako, wasikilizaji wanakuja kwako, na siku familia ikitaka kuuachia rasmi itakuta umetangulia na jina limekosewa.

Hifadhi kwanza. Mpe fundi anayejua azihamishe kwenye kompyuta kwa ubora mzuri kabla utepe haujaoza, kwa hilo usisubiri mtu. Kisha tafuta familia au kiongozi wa bendi. Ukimpata, mpe nakala, mwombe ruhusa ya maandishi, mkubaliane nani anapandisha na pesa ziende kwa nani. Wakati unasubiri, taarifa na picha za majalada hazina neno, peleka Discogs.

Nyali Mpaka Ngara

Niko Nairobi na niseme historia ya jambo hili sisi tunayo sebuleni. Wilson na George Kinyonga walitoka Tanga, wakaanza Simba Wanyika Mombasa mwaka 1971, na mwaka 1978 wengine wakajitenga wakaunda Les Wanyika. Vijana wa Tanga! Na leo ukiuliza Mkenya wa rika la babangu ataapa hiyo ni bendi ya Kenya. Kilichowabeba ni kwamba walihamia, wakapiga kwa hadhira ileile wikendi baada ya wikendi, wakawa wetu.

Bendi ya leo haiwezi kuhama, lakini shabiki anaweza kufanya sehemu ya ile kazi ya kuwa pale kila wikendi. Hapa kwetu vipindi vya zilizopendwa Jumapili vina wasikilizaji waaminifu sana. Mimi huomba wimbo mmoja wa bendi mpya ya dansi uwekwe katikati ya zile za zamani. Msikilizaji wa rumba ni mtu wa kuridhika na anachokijua, mpya peke yake hataipa nafasi, lakini ikija baada ya wimbo wa ujana wake anaiacha icheze. Mtangazaji mmoja alinielewa na sasa haombwi tena, anaipiga mwenyewe.

Na matatu msiidharau. Wenye matatu za njia ndefu wanapenda rumba safari ya usiku. Ongea na dereva, mpe jina sahihi la bendi na chaneli yao, abiria wakiuliza ajue la kuwaambia.

Bint Malindi

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, asili yangu Unguja.

Hili la majina limenigusa kwelikweli. Ikhwani Safaa ni chama cha taarabu cha tangu 1905, na watu wanakiita Malindi, wengine Akhwan, wengine Nadi Ikhwani Safaa. Hapa Oman wako watu wazima wanaoijua kwa jina la Malindi tu, na vijana wao waliozaliwa hapa wakitafuta "Malindi" kwenye simu wanaletewa mji wa Kenya. Nimekaa na wanangu tukawa tunaandika majina yote kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kiarabu ndugu zangu msizisahau, ndizo zinazofungua mlango huku Ghuba. Mtu wa Maskati, Dubai au Kuwait ataandika kwa Kiarabu, na kama jina la kikundi haliko hivyo popote hatolipata asilani.

Jengine: huku taarabu inaingia kwa harusi kabla ya kuingia ukumbini. Familia zinazotoka Zanzibar zina harusi kubwa na zinapenda fidla na ganuni za kweli kuliko kinanda cha umeme. Mtu akitaka kukitangaza kikundi chake ajuane na akina mama wanaopanga shughuli, hao ndio mapromota wa hapa. Na mwambieni kila mgeni anayekwenda Unguja mwezi wa pili apitie Sauti za Busara, maana pale Ngome Kongwe mtu anarudi na mapenzi aliyoyaona kwa macho yake.

Mtoto wa Ngamiani

Bint Malindi shukrani mno, herufi za Kiarabu sikuzifikiria na naziongeza kwenye ushauri wangu leo hii. MusicBrainz ina sehemu ya majina mengine ya bendi, ingizeni yote pale: Malindi, Nadi, na ya Kiarabu.

Fundi Redio

Mimi nitakuwa mkali kidogo. Haya yote mazuri lakini dunia ya leo ni namba. Mwandaaji wa tamasha anafungua Spotify, anaona wasikilizaji mia mbili, anafunga. Kwa nini mashabiki tusikubaliane kila mtu aache nyimbo zijirudie usiku kucha simu ikiwa chini ya mto? Au tuchange tununue wasikilizaji, wako wanaouza.

Mtoto wa Ngamiani

Mkuu hoja ya namba ni ya kweli, dawa uliyoitaja ndiyo sumu. Spotify inahesabu wimbo ukisikilizwa sekunde 30. Tangu 2024 wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi chochote. Kwa hiyo kweli bendi ndogo inaumia na tunatakiwa kuisaidia ivuke hapo. Lakini mwaka huohuo wameanza kuwatoza faini wasambazaji, yaani kampuni zinazopandisha nyimbo za wasanii kule, ambao nyimbo zao zinaonekana kusikilizwa kwa hila. Msambazaji akitozwa, anamgeukia msanii, na anaweza kuuondoa wimbo. Umempenda mtu ukamfungia duka.

Namba safi zinapatikana hivi. Badala ya kuposti albamu nzima, kundi la mashabiki likubaliane wimbo mmoja kwa mwezi. Kila mtu auweke kwenye orodha yake ya nyimbo katikati ya nyimbo nyingine zinazofanana nao, ampelekee mtu mmoja anayemjua kwa jina na amwambie kwa nini anadhani ataupenda. Wasikilizaji mia wakisikiliza wimbo mmoja mara kumi kila mmoja ndani ya mwaka mzima umefikisha ile 1,000, na ni watu hai.

Na kama bendi iko Bandcamp, tovuti ya kuuzia muziki, nunua pale. Kampuni inachukua asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo, inayobaki inaenda kwa bendi baada ya gharama za malipo. Singeli imefika Ulaya kwa njia inayofanana na hiyo: Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, ilitoa mkusanyiko wa studio ya Sisso ya Dar mwaka 2017, ma-DJ wa Ulaya wakanunua, wakapiga kumbini wakitaja jina la studio na la watayarishaji, na vijana wakaanza kuitwa kwenye matamasha. Mnaona jina halikubanduliwa safari hii.

Mpiga Besi

Wakuu, mimi nimo kwenye bendi hapa Dar, sitataja ipi. Nawashukuru kwa moyo wenu, na naomba niseme kutoka upande wetu.

Kabla hujafanya lolote kwa jina la bendi, tuulizeni. Kuna shabiki mmoja wa nje alitufungulia ukurasa, akaweka picha nzuri, akaandika jina letu kama vile ni sisi. Nia yake njema. Baadaye akapata kazi, akauacha. Mwandaaji wa tamasha alituandikia kule kutuuliza kama tuna nafasi, ujumbe ukakaa miezi bila kujibiwa. Tumekuja kujua tamasha limeshapita. Kwa hiyo ukifungua ukurasa andika wazi kwamba ni wa mashabiki, na sehemu ya juu kabisa weka namba na barua pepe ya bendi.

Tunachohitaji kwa shabiki wa nje ni vitu ambavyo sisi hatuna muda au lugha yake. Wasifu wa bendi wa aya moja kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza safi, usiosema "bendi bora Afrika Mashariki" bali unaosema tunapiga nini na tumewahi kupiga wapi. Picha kubwa zisizokuwa za simu: ukija Dar na kamera nzuri, njoo ukumbini, tupigie, tupe zote. Video ya wimbo mmoja mzima jukwaani, kamera imesimama, sauti imechukuliwa kwenye mitambo. Mwandaaji haamini video ya studio, anataka kuona kama tunaweza kuushika ukumbi. Na ule mchoro wa jukwaa: nani anasimama wapi, maikrofoni ngapi, ampu ngapi. Mafundi mitambo wa huko wanaudai, na sisi wengi hatunao.

Kaka wa Utrecht

Mpiga Besi amesema kweli tupu. Mimi nimesaidia kuleta vikundi huku Uholanzi, niongeze upande wa safari, kwa sababu hapo ndipo mapenzi ya wengi yanapoishia.

Viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu tangu Juni 2024 na hairudishwi ukinyimwa. Bendi ya watu 8 ni euro 720 kabla hujagusa nauli. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Msisubiri mwezi wa mwisho, nafasi za miadi ubalozini huisha. Barua ya mwaliko itoke kwa ukumbi au taasisi iliyosajiliwa, ionyeshe tarehe, malipo, malazi na nani anabeba gharama. Barua ya shabiki peke yake ina uzito mdogo, lakini shabiki ndiye anayeweza kukaa na mwenye ukumbi na kuhakikisha barua imeandikwa vizuri na majina yanafanana na pasipoti herufi kwa herufi. Nimeona mwenyewe mpiga tumba akikwama kwa jina la kisanii.

Kwa walio Bara, msisahau kibali cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, cha kwenda kutumbuiza nje, Zanzibar wana baraza lao, BASSFU.

Tena onyesho moja halilipi nauli ya bendi nzima. Hapa Utrecht tukipata tarehe moja tunawapigia wenzetu wa Ubelgiji na Ujerumani haraka, kabla hata ya kufurahi, tuone kama wiki ileile wao wana ukumbi. Mashabiki wa miji mitatu wanaofahamiana wanaweza kuigeuza safari ya hasara kuwa ziara. Malazi ya nyumbani, pilau ya kupikwa na wenyeji, gari la kukopwa, hizo zote ni fedha ambazo bendi haikutoa.

Na baada ya onyesho, kabla watu hawajakunja nyaya: orodha ya nyimbo zilizopigwa. Ujerumani ukumbi unalipa GEMA, Uingereza PRS, vyama vinavyokusanya pesa za watunzi. Pesa zile zinagawanywa kwa kufuata nyimbo zilizoorodheshwa. Kama hakuna aliyeandika nyimbo na watunzi wake, mtunzi wetu hayumo kwenye hesabu. Mimi husimama pembeni ya jukwaa na karatasi, naandika kila wimbo na jina kamili la mtunzi, na kiongozi wa bendi anahakiki. Lazima mtunzi awe amejisajili na chama cha hakimiliki, hilo muulizeni mapema.

Mtoto wa Ngamiani

Kaka wa Utrecht, hilo la orodha ya nyimbo nimelichapa na kulibandika ukutani. Hapo ndipo njia ya pesa inapopita na wengi hatuioni kwa sababu tunakuwa tunacheza.

Nyali Mpaka Ngara

Kenya pia tuandikishe. Watunzi wetu wengi wanadhani chama cha hakimiliki ni cha redio tu.

Mrundi wa Buyenzi

Nawasalimu wote kutoka Bujumbura. Nimesoma uzi wote. Sisi tuna kikundi hapa mtaani, wanaimba Kiswahili na Kirundi, wana magitaa mawili na ngoma, hawana meneja, hawana barua pepe, nyimbo zao ziko kwenye simu za watu. Kaka yangu yuko Brussels na anawapenda sana. Tuanzie wapi kabisa?

Mtoto wa Ngamiani

Karibu sana Mrundi. Anzeni na kikao cha kikundi chenyewe, wewe ukiwepo. Wakubaliane mambo manne: jina lao linaandikwaje, herufi kwa herufi, nani anashika namba ya WhatsApp na barua pepe ya kikundi (na nani mwingine anajua neno la siri asipokuwepo), nani alitunga kila wimbo, na pesa ikija inagawanywaje. Andikeni, wote watie sahihi. Mambo ya pesa yakizungumzwa kabla pesa haijaja hayavunji bendi.

Kisha rekodi moja nzuri. Wimbo mmoja, si albamu. Kama studio ni ghali, chumba chenye mapazia na magodoro ukutani na mtu mwenye kinasa sauti kizuri kinatosha kwa magitaa mawili na ngoma. Pigeni na video hapohapo, wote wakionekana. Chaneli ifunguliwe kwa barua pepe ya kikundi, si yako wala ya kaka.

Kaka wa Brussels yeye aandike maneno kwa Kifaransa na Kiholanzi kama anaweza, atengeneze lile faili la manukuu, na atafute redio moja ya jamii pale mjini. Kaka wa Utrecht anazijua kumbi ndogo za upande ule, nakuunganisha naye kwa ujumbe wa faragha.

Kaka wa Utrecht

Mwambie aniandikie. Wanamuziki wachache wenye magitaa mawili na ngoma ni rahisi kuwaleta kuliko bendi ya watu 8, na kumbi ndogo zinapenda hivyo. Lakini asije na ombi la tarehe sasa hivi. Aje na ile video, na majina ya watu thelathini wa Brussels ambao ameshawapigia wimbo na wakauliza utapatikana wapi.

Mrundi wa Buyenzi

Nimeelewa. Jumamosi wanafanya mazoezi, nitapeleka daftari.